Bwana Amekausha Nguo Zangu na Machozi Yangu

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, muitikie kwa nguvu, mabati ya kanisa letu ni mapya, hayatang'oka! Bwana asifiwe tena!

Naitwa Nabintu, mke wa Bisimwa, yule mwanaume mrefu anayepiga ngoma ya kwaya. Nilizaliwa Walungu, Kivu Kusini, na sasa makao yetu ni hapa Nakivale, kambi ya sisi wakimbizi. Wengi munanijua kwa mandazi yangu. Wengine munanijua kwa kicheko, maana nikicheka hapa, ng'ambo ya ziwa wanageuka kutazama. Lakini kulikuwa na miaka ambayo hakuna aliyesikia kicheko hicho, hata mume wangu. Habari ya miaka hiyo ndiyo imenisimamisha mbele yenu, na jinsi Bwana alivyonitoa humo.

Kule nyumbani nilikuwa mkulima wa muhogo na maharagi. Siku moja watu wenye silaha walinikuta shambani, mimi peke yangu. Ndugu zangu, waliyonitendea sitayasimulia moja moja. Watoto wako hapa, na mwili wangu si hadithi ya kuzungushwa kijijini. Itoshe kusema walinibaka, na waliniumiza ndani. Sikufa. Lakini tangu siku ile mkojo ulinitoka wenyewe, nikiwa nimesimama au nimelala, kama bomba lililovunjika koki.

Bisimwa alikuwa safarini Bukavu. Aliporudi nilimwambia nina ugonjwa wa tumbo. Aliniamini, au nilidhani ameniamini. Kisha vita vikasogea, tukakimbia, na tukafika huku Uganda na watoto wetu, sufuria moja na ile siri yangu.

Munajua maisha ya siri? Nilikata vitenge vya zamani vipande vipande, nikavivaa ndani, nikavifua kila siku. Kamba yangu ya nguo haikupumzika. Katika ibada nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kabla ya baraka nilikuwa nimeshatoka, ili mtu asinikumbatie akasikia harufu. Mandazi sikuthubutu kuuza, maana nani atanunua chakula kwa mama anayenuka? Nikasema moyoni, "Mungu ameniandika katika walioachwa."

Niliomba! Nilifunga! Niliwekewa mikono, nikapakwa mafuta. Na sisemi maombi yale hayakusikiwa, ndugu zangu, yalisikiwa! Ila mimi nilingoja jibu lishuke kupitia paa, kumbe lilikuwa likija kwa miguu, limebeba bidoni ya manjano ya maji kichwani, na shingoni limevaa rozari!

Jibu lenyewe lilikuwa Consolata. Ni jirani yangu, Mrundi, Mkatoliki, muuza avoka. Na mimi, Mungu anisamehe, watu wa rozari nilikuwa nawasalimia kwa mbali.

Siku hiyo tulikuwa kwenye foleni ya maji, jua limepanda, watu wengi. Nilipoinama kuinua bidoni yangu, kitenge changu kikalowa chote nyuma. Nyuma yangu wasichana wakaanza kucheka kwa kuziba midomo. Nilisimama pale kama mti. Kama ardhi ingepasuka, ningeingia na kushukuru.

Consolata alikuwa ameshajaza maji yake. Mara nikasikia, "Yooo! Nimeteleza!" Na bidoni nzima ya maji ikatumwagikia sisi wawili, kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili! Kila mtu akapiga kelele. Consolata akacheka, akasema kwa sauti, "Angalieni, tumelowa wote wawili kama bata! Twende, dada, tukabadilishe nguo."

Ndugu zangu, yule mama hakuteleza. Maji aliyoyapangia foleni asubuhi yote aliyamwaga ili aibu yangu isionekane. Aleluya!

Njiani alinishika mkono. Tulipofika mbali na watu, akaniambia polepole, "Dada, usinifiche. Dada yangu mukubwa kule Makamba alikuwa na hiyo kitu. Si shetani. Ni kidonda cha ndani, banaita fistula. Banashona, inapona."

Nikamuuliza, "Inapona kabisa?"

"Mukubwa wangu alipona, akazaa tena mapacha. Hapa Base Camp iko fasi, nyumba ya bamama, banasaidia. Kesho nitakupeleka miye mwenyewe."

Nililia njia nzima mpaka mlangoni, lakini kilio cha siku ile kilikuwa na mlango wa kutokea.

Alinipeleka kweli. Ni nyumba ya kawaida tu, mikeka chini, chai ya tangawizi, na watoto wakicheza uani. Mshauri wa pale ni dada wa Uganda, mpole, Kiswahili chake cha kuokotaokota. Nilidhani ataniuliza maswali kama polisi. Hakuniuliza. Alifunga mlango, akasema, "Mama, wewe sema ile unataka. Ile hautaki, bakisha. Hapa maneno yako hapana toka inje." Nikasema yote. Mara ya kwanza! Nilipomaliza, akaniambia neno ambalo nilikuwa sijaambiwa na mtu: "Hapana makosa yako." Akanieleza kwamba nikitaka sheria, iko njia, nikitaka matibabu, iko njia, na nikitaka kukaa tu na kunywa chai, chai iko. Nilichagua matibabu. Akasema nitapelekwa hospitali Mbarara, nitakaa huko majuma kadhaa, na nikirudi sitabeba mzigo wala kulala na mume kwa muda mrefu.

Hapo ndipo nilipoona mlima wangu. Kwa sababu sasa lazima Bisimwa ajue.

Mshauri alisema anaweza kuja tuzungumze naye pamoja. Nikakataa, nikasema nitajaribu mwenyewe. Nilimkuta Bisimwa alasiri nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Nikakaa juu ya kigogo, nikamwambia. Nilisema nikitazama miguu yangu. Kisu chake kiliacha kuchonga. Nilipomaliza, alikiweka chini. Aliinuka, akaelekea upande wa ziwa, na mimi nikasema, basi, ndoa imekwisha, nimebaki na watoto wangu.

Ndugu zangu, jua lilikuwa bado halijazama aliporudi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akakaa chini karibu yangu, akasema, "Wewe haukukosa kitu." Kisha akauliza, "Sasa kule Mbarara, nani atakupikia?"

Nikasema, "Sijui."

Akasema, "Nitakuja miye."

Muniruhusu nicheke kidogo! Maana Bisimwa huyu, tangu anioe, hakujua hata kuchemsha yai! Watoto tuliwaacha kwa Consolata, tukapanda gari, tukapita katikati ya migomba ya Isingiro na ng'ombe wenye pembe kama matao ya arusi. Njia nzima nilikuwa nikiimba kimoyomoyo.

Daktari alikuwa mzee wa Kinyankole mwenye mvi. Alinipima, akavua glavu, akasema, "Mama, wewe hapana laaniwa. Wewe iko na tundu. Tundu sisi nashona." Kwa maneno hayo machache, laana niliyoibeba miaka yote ikawa tundu! Tundu, ndugu zangu! Hata nguo ina tundu, na fundi yupo!

Nikapasuliwa, nikawekewa mpira wa mkojo, nikaambiwa ninywe maji mengi na kulala. Bisimwa alilala kwa ndugu mmoja wa imani kule Kakiika, na kila asubuhi alifika wodini na sufuria. Mwanaume peke yake kati ya wauguzaji wanawake! Bugali wake wa kwanza ulikuwa mgumu, mama mmoja wa pale aliubonyeza kwa kidole akasema, "Ssebo, hii ni chakula ama ni tofali?" Wodi nzima ikacheka. Na mimi, mshono ukiwa bado mbichi, nikacheka! Kicheko kile changu, kilichopotea Walungu, kilirudi katika wodi ya Mbarara kwa sababu ya bugali mbaya. Wale bamama wakamfundisha kumenya matoke na kuyafunga katika majani ya migomba. Alinifulia hata nguo, hadharani, kwenye karo la hospitali, akipiga mluzi. Wanaume wengine wakimtazama, alikuwa akiwasalimia tu, "Agandi!"

Ikafika asubuhi ya kutolewa mpira. Niliogopa kulala, niliogopa kukaa, niliogopa hata kukohoa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo msichana aliyetolewa wake kabla yangu, na shuka lake lililowa tena. Sitaficha hilo. Alilia, nikalia naye. Daktari alimwambia kidonda kikipumzika atarudi kushonwa upya, na bado tunamwombea, na naamini zamu yake inakuja. Kisha ikawa mimi. Nikatembea. Nikakaa. Nikangoja. Nikapeleka mkono chini kupapasa shuka.

Kavu!

Ndugu zangu, kavu! Nilipiga vigelegele mpaka muuguzi alikuja mbio akidhani nimeanguka! Bwana asifiwe!

Niliporudi Nakivale sikuweza kukaa kimya. Kila juma tunakutana katika ile nyumba ya akina mama, Wakongo na Warundi, wenye rozari na wenye matari, tunashona, tunalia kidogo, tunacheka mingi. Tulijiuliza: kwa nini tungoje mtu aumizwe ndipo tumsaidie? Sasa kuni tunakwenda kuokota kwa makundi, na hatumwachi msichana nyuma. Tulienda kwa viongozi kuomba taa karibu na bomba na vyoo vyenye komeo; taa zimefika, komeo bado tunazidai, na hatuchoki! Watoto wetu tunawafundisha kwamba mwili wao ni wao, na kwamba mtu mzima akisema "hii ni siri yetu," wakimbie kusema. Na Bisimwa anakaa na wanaume. Anawaambia, "Mukeo akikuambia jambo gumu, ukikosa maneno, muulize atakula nini." Wanacheka, lakini wanasikiliza.

Mama, dada, na wewe kaka pia, maana hata wanaume wametendewa hivyo: likikupata, usingoje. Nenda kwa waganga wa hospitali siku hiyohiyo kama unaweza, kabla siku tatu hazijaisha, kwa sababu ziko dawa za kuzuia Ukimwi na mimba ambazo zinapenda haraka. Na kama imepita miaka, kama mimi, nenda vilevile. Hakuna aliyechelewa. Na wewe unayeambiwa na mwenzako, usimuulize alivaa nini wala alifuata nini huko. Mwamini.

Namshukuru Mungu aliye hai, nawashukuru wale banganga wa hospitali ya Mbarara, namshukuru mchungaji aliyenipa nafasi hii bila kutetemeka. Consolata leo yuko misani kwake, lakini nitampelekea salamu zenu.

Na sasa nasema na wewe uliyeinamisha kichwa. Nimekuona, lakini sitakutazama. Usiinue mkono, usije mbele. Baada ya ibada nitakuwa pale nje nikigawa chai. Njoo uniombe sukari ya pili. Nitaelewa, na kesho tutatembea pamoja mpaka ile nyumba. Na ninyi wengine wote, kwa kuwa mumesikia, leo kila mmoja wenu aombe sukari ya pili, wazee, vijana, hata mchungaji, ili mtu asijue nani ni nani.

Musiogope, sukari iko mingi. Amina!