Plagi Zisomwe Mudende

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mama watoto acha kwanza hicho kitambaa cha maji, maana kichwa kinawaka tu na maneno hayajatoka. Fungueni dirisha. Hapana, lifungeni, vumbi. Kaeni basi.

Nyumba hii ya Nengo ni ya mama yenu, na asije mtu akamwambia ahamie chumba cha uani. Shamba la Kanzenze ni lako, Vénuste, lote. Hilux ni ya Murekatete. Naona unavyokunja uso, kunja tu, lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu tangu Jumapili roho yangu haitulii, na si kwa ajili ya kufa, ni kwa kulifikiria hilo gari limezimika mlimani na viazi vya watu, dada yako ndani, giza linaingia, na sote tunajua barabara ile ya Mudende ilivyokuwa na waviziaji mwaka jana.

Wewe unasema, kwa hicho Kiswahili cha Goma ulichookota sokoni, "Papa, hii moteri iko mubaya, turudishe tu ile ya zamani." Moteri haina ubaya. Ni injini ya gari la Crown niliyokuja nayo kutoka Mwanza tuliporudi nyumbani mwaka wa tisini na tano, nikaichomeka mwenyewe palipokuwa na ile ndogo, nikaitia kabureta mbili, na Dauda, fundi jirani yetu, akasimama pale langoni akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo sijamsalimia. Nyinyi msalimieni, ugomvi ule ni wangu, nitaondoka nao. Akitaka kuchomelea bodi, achomelee. Kabureta asiguse.

Murekatete, mwanangu, umejifunza vizuri. Huanzi tena na kabureta kama wanavyofanya wenye haraka. Unapima vali kwanza, unaweka moto wa plagi uwake kwa wakati wake, halafu injini ikishapata joto ndipo unashika bisibisi, unafunga skrubu ya kabureta taratibu mpaka injini ianze kuyumba, kisha unairudisha kidogo. Jumapili ulifanya hivyo hapa uani, ukanifungulia plagi, rangi yake kahawia kama karanga iliyokaangwa, ndivyo inavyotakiwa, mama yako akapiga vigelegele na mimi nikafurahi kama mjinga. Baadaye nikakumbuka, usingizi ukaniruka. Plagi zile zilikuwa zinatueleza habari za huku chini ziwani tu. Kule juu Mudende hewa ni nyepesi, petroli ile ile inakuwa nyingi mno, injini inakabwa, inatoa moshi mweusi, na ukishashuka nayo mpaka hapa rangi imeshabadilika, inakudanganya. Lazima uikimbize kwenye mlima, uzime ghafla pale pale palipo pakali, ufungue plagi kando ya barabara, usome mwenyewe. Nyeusi, punguza petroli. Nyeupe, umepunguza mno, ongeza upesi kabla hujaunguza vali.

Sasa unaona kinachonikosesha raha. Mimi siwezi kupandishwa Mudende. Nilikuahidi kukufundisha mpaka mwisho, na mwisho wenyewe uko mahali nisipoweza kufika.

Vénuste, utakwenda naye, umwekee jiwe kwenye gurudumu, na ukifungua mdomo kumfundisha kazi nitakusikia hata huko nitakakokuwa. Mtaondoka leo, sasa hivi, mvua haijashuka. Usilie, Murekatete. Unasema utabaki mpaka nipate nafuu. Sipati nafuu, mwanangu, na kukaa hapa kunitazama hakutakufundisha kitu. Ukirudi ukinikuta, tutazungumza. Usiponikuta, usimtafute fundi wa kumuuliza kama rangi ilikuwa sawa. Utakuwa umeiona wewe, basi, imetosha.

Mungu awatangulie njiani. Awape… ngoja nipumue. Awape mikono mizito kwenye hasira na myepesi kwenye kazi. Mpendane. Mama yenu asilale njaa. Nawapenda, nilikuwa sisemi, leo nimesema. Maji… hapana, yaache.

Mbona bado mmesimama? Nendeni. Nataka nilisikie hilo gari likiondoka.