Bolti ya Arobaini na Mbili ya Fundi Venant Magesa

Fundi Venant Magesa anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na tatu na miezi mitatu ya utumishi katika Karakana ya Fatehali hapa Kirumba, Mwanza. Hiyo miezi mitatu tumeitaja kwa sababu yeye mwenyewe haachi kuitaja.

Aliingia Machi 1992 akitokea Nansio, akiwa na begi moja na spana namba kumi na tatu aliyoifunga kwenye leso. Marehemu Mzee Fatehali, ambaye hakuwa na imani na vyeti, alimpa injini ya pampu iliyokwishawashinda mafundi wawili, akamwambia akiiwasha ameajiriwa. Iliwaka saa nane mchana. Saa tisa Venant aliuliza hapa watu wanakula wapi, na ajira ikahesabika kuwa imeanza.

Tangu siku hiyo amefungua na kufunga injini za boti za abiria, za wavuvi wa dagaa na za wachukuzi wa mbao kiasi kwamba akipita mwaloni, boti zinapotia nanga, husalimiwa na watu asiowajua, halafu akitajiwa injini anawakumbuka. Majina ya watu humpotea. Sauti ya injini, hata aliyoitengeneza miaka kumi iliyopita, haimpotei.

Ila kitu kitakachobaki hapa baada yake ni kopo. Mwaka 1998 aliweka kopo tupu la maziwa ya unga juu ya kabati la stoo na kutangaza sheria: atakayekata bolti ndani ya injini ataitoa mwenyewe, kisha ataitia humo pamoja na kikaratasi chenye jina lake, tarehe na sababu. Sababu isiwe kutu. Alisema kutu ipo kwenye kila injini ya ziwani na haijawahi kushika spana.

Kopo hilo limetufundisha adabu kuliko semina zote tulizohudhuria. Imo bolti ya fundi mwenzetu Ngosha: "Nilifikiri nafungua." Imo ya Suzana, mchomeleaji wetu: "Nilimsikiliza Ngosha." Imo hata ya Mzee Fatehali mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya wino: "Nilikuwa nawaonyesha." Zilifika arobaini na moja. Ya Venant haikuwemo, na hilo nalo hakuwahi kuacha kulitaja.

Sheria yake ya pili ilihusu bomba. Ni marufuku kuvalisha bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu. "Bolti ikikataa inakwambia kitu," alizoea kusema. "Ukileta bomba umeacha kusikiliza."

Sasa tuje Jumatano ya tarehe 11 Juni mwaka huu. Injini ya boti ya Rebeka, mama anayesafirisha abiria na machungwa kati ya Nansio na Mwanza, ilikuwa mezani ikifunguliwa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nje ya geti alikuwa akisubiri fundi cherehani, aliyekuja kumpima Venant suti ya sherehe hii, naye alishapiga honi ya pikipiki mara tatu. Imebaki bolti moja, imekaza. Venant akatazama geti, akatazama bolti, akachukua bomba.

Sauti ilikuwa ndogo tu. Ngosha akasema kwa upole ambao hatukumjua nao, "Mzee, kopo nikuletee hapo, au utalifuata?"

Bolti ilikuwa imekatika chini ya uso wa bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, kimo cha punje ya mchele, pembeni kabisa ya njia ya maji, mahali ambapo ukuta wa chuma ni mwembamba. Drili ikipotea kidogo tu, bloku imetobolewa. Na bloku ikitobolewa Rebeka hana injini, na boti aliyonayo ni hiyo moja.

Bosi wetu Faizan, mjukuu wa Mzee Fatehali, alishauri kwa nia njema. "Mzee Venant, tuandike ilikuja hivyo. Injini ya zamani hii, nani atabisha?"

"Mimi nitabisha," alisema Venant. "Na sistaafu hii ikiwa humu ndani."

Faizan alimkumbusha kwamba tarehe ya kustaafu ni ya kisheria. Venant alisema basi sheria imsubiri kidogo.

Kesho yake Rebeka alifika. "Shikamoo baba. Nimeambiwa imekatika. Nani kaikata?"

Wote tuliangalia viatu vyetu.

"Marahaba mama. Nimeikata mimi."

Rebeka akavuta kreti la soda, akaligeuza, akaketi. "Basi mimi nipo hapa," alisema, na akawa hapo kila siku, akimenya machungwa yaliyokuwa yasafirishwe.

Siku tatu za kwanza Venant hakugusa chochote. Alitia mafuta asubuhi na jioni, akagonga bolti kidogo kwa nyundo, akaondoka. Ngosha alitaka drili. Alinyimwa. Siku ya nne Suzana alianza kudondosha chuma cha moto juu ya ile bolti, tone juu ya tone, hadi ikachomoza, kisha akachomelea nati juu yake. Venant akaweka spana. Nati ikang'oka. Wakachomelea ya pili, ikang'oka. Ya tatu vilevile. Hadi siku ya nane zilikuwa zimeng'oka sita, na Suzana alikuwa amemaliza maneno yake yote ya kistaarabu.

Ijumaa, tarehe 20, Suzana alikuja na donge la nta ya nyuki kutoka kwa shangazi yake wa Sengerema, kwa kuwa Venant alikuwa ameiulizia tangu jana yake. Nati ya saba ilichomelewa. Chuma kikiwa bado chekundu, Venant aliigusisha nta. Ikayeyuka, ikanywewa pembeni ya bolti kama maji kwenye mchanga. Akaweka spana, bila bomba, na akaizungusha upande wa kukazia.

"Baba, si unaikaza hiyo?" Rebeka aliinuka kwenye kreti.

"Ndiyo. Imezoea kuvutwa upande mmoja. Ngoja ishangae."

Akaikaza unywele mmoja, akailegeza unywele mmoja. Akarudia. Mafuta, mbele, nyuma. Baada ya kama nusu saa, spana ilirudi nyuma kidogo zaidi ya ilivyokwenda mbele. Ilichukua saa mbili kutoka, na ilitoka nzima, na meno ya tundu lake kwenye bloku yakabaki safi.

Venant hakushangilia. Alinawa mikono, akaja dirishani stoo, akaomba kikaratasi na kalamu. Rebeka alimpa chungwa. Ndiyo shukrani pekee iliyotolewa siku ile, na ilipokelewa.

Tulipanga leo tumkabidhi bolti hiyo ndani ya fremu ya kioo. Amekataa. Imo koponi, ya arobaini na mbili, na yeyote aingiaye stoo asome: "V. Magesa. 11 Juni 2025. Haraka."

Fundi Venant, asante kwa injini, kwa kopo, na kwa nati ya saba. Jumanne unarudi Nansio kwa boti ya Rebeka, ukiendeshwa na injini unayoifahamu vizuri kuliko ulivyokusudia. Suti, kama wageni wanavyoona, imekubana mabegani, maana kipimo kilichukuliwa ukiwa umeinama juu ya bloku. Tunakuombea afya, jamaa wa kukaa nao, na mapumziko marefu. Safari hii usiwe na haraka.