Luteni Maran La Ring, Aliyehamisha Mzinga

Wachungaji, wazee wa koo zote mbili, makamanda na majirani zetu wa kijiji hiki cha Lungja Kawng, mtuwie radhi kwamba upatu haukupigwa wala bunduki haikufyatuliwa kutangaza msiba huu, na kwamba familia inasoma kwa sauti ya chini, maana watu wakikusanyika huonekana kutoka juu, na ndege ya vita ilipita hapa alfajiri.

Luteni Maran La Ring alizaliwa tarehe 9 Machi 1998 katika kijiji cha Dumbang Yang, akiwa mtoto wa tatu wa kiume wa marehemu Maran Tang na mama Labang Kaw Nan, aliyeketi hapa mbele. Alikuwa mwoga, na mama yake ametuagiza tusilifiche hilo, radi ikipiga alikimbilia chini ya sakafu ya nyumba yetu ya nguzo, wanakolala nguruwe, akajibanza kati yao, na kaka zake walimwita shemeji wa nguruwe mpaka alipoota ndevu.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 2004, sekondari mjini Myitkyina, na mwaka 2017 akajiunga na chuo cha uhandisi Mandalay, masomo yaliyokatika Februari 2021 majenerali walipoipindua serikali, naye akarudi milimani kwa miguu.

Tarehe 4 Juni 2022 alipewa uofisa katika kikosi cha mizinga, kazi ambayo hakuitafuta, ila jeshi letu la milimani, linalopigana na majenerali hao, lilihitaji mtu wa kukokotoa kombora litaangukia wapi, naye alijua hesabu. Vijana wake wanasema kila baada ya kupiga aliwahimiza kuhama kabla adui hajajibu, tena kwa ukali ambao hawakuuona kwake wakati mwingine wowote.

Tarehe 14 Januari 2023 alimwoa Nhkum Roi San, binti wa Mzee Nhkum Zau Bawk wa kijiji hiki, kwa ng'ombe wanne, upatu mmoja na mablanketi, na tangu siku hiyo akawa mkwe wa Lungja Kawng, yaani mtu ambaye akiombwa jambo na ukoo wa mkewe hana mdomo wa kukataa. Hakujaliwa kumwona mtoto wake, Roi San ana ujauzito wa miezi minane, na hapati usingizi.

Kuhusu maradhi, marehemu hakuugua malaria wala ini, aliugua hofu tu. Oktoba mwaka huu mzinga wake ulifichwa kwenye mianzi juu ya kijiji hiki, na tarehe 11 Novemba kombora la kujibu liliua nyati wawili na kubomoa ghala la mpunga la Mzee Zau Bawk. Jioni hiyo mzee alimfuata pamoja na akina mama, akakaa chini, akamwambia, "Mwanangu, sikuombi kama ofisa, nakuomba kama mkwe wangu. Liondoe dude lako juu ya vichwa vya watoto." La Ring alijua kwamba kilima pekee kilichobaki cha kuwekea mzinga ni kitupu, hakina hata mti wa kuuficha, na kamanda wake alikuwa amekataza kuhama, lakini alijibu tu, "Sawa, baba," akaenda kumwambia mkewe kwamba anaogopa, kisha akawaita vijana wakaukokota mzinga mpaka kilimani huko.

Tarehe 17 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, walipokwisha kupiga kutoka kilima hicho, gurudumu la mzinga lilinasa matopeni wakati wa kuhama, marehemu akawaamuru vijana wakimbie, akabaki akijaribu kulinasua, na ndege ikamkuta hapo. Alifikishwa hospitali ya msituni akiwa hai, akamuuliza muuguzi kama kijiji kimepigwa, akaambiwa hapana, akafariki saa nane mchana.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliompasua chini ya turubai, vijana wa kikosi chake waliorudi kumchukua, na akina mama wa kijiji hiki waliopika wali wa msiba kwa mkaa ili moshi usionekane.

Mzinga haukuharibika. Jana ofisa mpya alikuja kuomba aurudishe mianzini, kwa kuwa adui amefika ng'ambo ya mto na hakuna pengine pa kumzuilia. Yeye si mkwe wa mtu hapa, hata hivyo wazee wangeweza kumsihi kama walivyomsihi mwenzake. Mzee Zau Bawk, ambaye tangu msiba uingie hajatia wali kinywani, alisema mbele ya jeneza hili, "Mwambieni aulete. Mimi siombi tena." Hakuna aliyempinga, ila Roi San alitoka nje.

Kwa hiyo mzinga unarudi jioni ya leo. Baada ya maziko tawanyikeni wawili wawili, watoto walale handakini, na wakunga wasimwache Roi San, kwa sababu huenda akajifungulia humo humo.

La Ring, tunaogopa sana. Pumzika kwa amani.