Miche ya Mzee Kitheka

KITHEKA: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

MBITHE: Ni Mbithe, baba. Nimeazima simu ya Erastus hapa maabara. Umeamkaje huko Matuu?

KITHEKA: Nimeamka kijana, mama. Tangu profesa wako anipitishie ule waya wake mpaka kwa moyo, nimepona. Jana nimechimba mashimo ya miembe, hata Ngui jirani akaniuliza nakula nini siku hizi.

MBITHE: Umechimba? Baba, si tulisema jembe—

KITHEKA: Na vile kale kadude ka mbele ya waya ni kadogo. Kama punje ya wimbi! Nilikacheka. Kumbe kana dawa kali.

MBITHE: Si dawa. Kile ni kihisi. Kinatoa sauti usiyoisikia, sauti inarudi, sisi tunapata picha ya moyo. Kinaangalia tu.

KITHEKA: Mkaangalia, mkatengeneza.

MBITHE: Hatukutengeneza kitu.

KITHEKA: (Mtandao unakwaruza.) Unapotea. Sema tena.

MBITHE: Nimesema hatukutengeneza. Profesa alikuwa anajaribu kama chombo chake kinaona vizuri.

KITHEKA: Na kimeona?

MBITHE: Kimeona vizuri sana. Ameita wenzake wote watazame. Wanapiga makofi, baba, wanapeana mikono, na mimi nimesimama hapo najua hicho ni kifua cha—

KITHEKA: Usilie kwa simu ya watu.

MBITHE: Silii.

KITHEKA: Na daktari wa Machakos? Hawezi kushona?

MBITHE: Ameziona picha. Anasema moyo umechoka mno. Hautastahimili kisu.

KITHEKA: Mama yako yuko hapa nje. Anamwagilia miche.

MBITHE: Usimwambie bado. Nakuja Jumamosi, tutakaa wote—

KITHEKA: Wewe ndiye umesoma. Nijibu kitu kimoja. Mashimo yako wazi na mvua imekaribia. Nipande miembe, ama nipande maharagwe?

MBITHE: Baba, hayo tutaongea nikifika.

KITHEKA: Mwembe unataka miaka minne. Maharagwe ni miezi mitatu, unakula. Nipande gani?

MBITHE: Salio la Erastus linaisha—

KITHEKA: Mbithe.

MBITHE: (Pole pole.) Panda maharagwe, baba.

KITHEKA: Haya. Basi miche nitampelekea Ngui. Yeye bado ana—

(Simu imekatika.)