Fundi wa Mstari Mwembamba: Mzee Gerishom Nalianya Wepukhulu, 1957–2025

Mzee Gerishom Nalianya alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 hapa Kimilili, mtoto wa tatu wa marehemu Wepukhulu na marehemu Nelima. Mimi, bintiye Valary Nelima, nilipewa jina la nyanya huyo, ndiyo maana baba aliniita "mama" hata akiwa amekasirika.

Alisoma hapa kijijini hadi darasa la saba. Hesabu ilimpita kando, lakini angeweza kukaa saa nzima akinakili jalada la Biblia ya babu: herufi zenye mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba kama uzi. Hakuwahi kupenda herufi nyingine.

Mwaka 1979 alipanga chumba Laini Saba, Kibera, akaanza kuandika mabango kwa brashi. Vinyozi, hoteli, makanisa ya Kawangware, wote waliandikiwa herufi hizo hizo. Mafundi wa majeneza walimletea misalaba ya makaburi aiandike majina. Familia ya marehemu ikimharakisha kwamba gari la kumpeleka nyumbani limeshawashwa injini, alijibu, "Huyu hana haraka. Ngojeni."

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa mama yetu, Phanice. Kadi aliziandika zote kwa mkono, na mama husema nyingine ziligawiwa baada ya harusi.

Mimi nafanya kazi ya uchapishaji Kawangware. Mwaka 2021 nilizichora upya herufi zake kwa kompyuta, ili mtu yeyote aweze kuzitumia. Mistari myembamba nikainenepesha. Nikaziita Nalianya, kisha nikamwonyesha.

"Mama, hizi zote umezilisha ugali," alisema. "Kuna mahali herufi inafaa kukonda."

"Baba, siku hizi watu wanasoma kwa simu. Hiyo laini yako hata haionekani."

"Basi usiziite jina langu."

Nilikuwa nimeshaziweka mtandaoni. Sikuziondoa. Watu walizisifu nami nikafurahi, na furaha hiyo inaniuma sana leo. Mara tatu aliniambia nije Jumamosi anifundishe kuvuta ule mstari kwa brashi. Mara tatu nilisema niko bize.

Tarehe 2 Juni 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Ndipo nilipoanza kwenda kwake kila Jumamosi na brashi. Alinikosoa kwa kutikisa kichwa tu, maana kuonyesha hakuweza tena. Alituaga tarehe 21 Februari 2025, nyumbani Kibera, akiwa na miaka 67.

Amemwacha mjane wake Phanice, watoto wawili, Elvis na mimi, na wajukuu wanne.

Kwenye jalada la programu hii ya mazishi mtaona mistari inayokaribia kupotea. Mashine haikuishiwa na wino. Nimeikondesha alivyotaka, na mtandaoni nimeliondoa jina lake. Msalaba nimeuandika mwenyewe, kwa brashi yake. Gari lilipiga honi, Elvis akaniita mara mbili, nikamwambia huyu hana haraka.

Mstari mwembamba umetetemeka mahali pawili. Angeona.

Lala kwa amani, baba, na unisamehe.