Kiingereza cha Fundi Bomba

"Kaka, mvua ikipungua wewe husemaje?" fundi cherehani mmoja alimuuliza abiria wa pembeni yake ndani ya basi, mwanamume asiyemjua kabisa. Mimi nilikaa kiti cha nyuma yao, ila masikio yangu yalikuwa mbele.

"Nasema imepungua, dada."

"Mume wangu naye alikuwa akisema hivyo tangu anioe. Jana kasimama dirishani: 'It's easing off.' Jino likitulia: 'It's wearing off.' Fundi bomba huyo! Na yote yameanza alipopata kazi ya mabomba pale shuleni, kituo kijacho. Kuna mwalimu wa Kiingereza anamfundisha, nakwambia!"

"Wivu tu huo, dada. Utapoa."

"Bomba gani linatengenezwa mwezi mzima?"

Bwana yule alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Mke wangu anafundisha Kiingereza hapo," alisema polepole. "Siku hizi ananigombeza, eti nafunga bomba kwa nguvu, nitaua washa, kile kipira cha ndani."

"Mungu wangu! Maneno ya mume wangu hayo!"

Basi liliposimama kituo cha shule walishuka wakisukumana, kila mmoja akitaka kutangulia getini. Kituo changu kilikuwa bado mbali, lakini nami nilishuka. Kunyoosha miguu tu, msinifikirie vibaya.