Meya Aliyeshikia Karatasi Mwavuli

Mheshimiwa Meya Halvdan Rysst, Baba Mchungaji, Bi. Gudveig Aarskog, ambaye ndiwe tuliyekuja kukuaga, ndugu wasanii, ndugu wageni waalikwa, nanyi mliokuwa mnapita tu na mbwa wenu mkaona watu wamesimama: nawasalimu nyote. Mlio nyuma, sogeeni. Viti vya mbele vimeloa sawasawa na vya nyuma, kwa hiyo hamna mnachokikwepa.

Mimi ni Torleif Myklebost, daktari wa meno wa mji huu wa Skardvik. Wengi wenu nimezoea kuwaona mkiwa mmefungua mdomo nami nikiongea peke yangu, kwa hiyo leo si kazi ngeni.

Nimeombwa nimsifu Bi. Gudveig, aliyeongoza maonyesho yetu ya sanaa ya nje tangu enzi nikiwa na nywele. Lakini utamsifuje mtu ambaye ukimsifu anaondoka? Nitasimulia tu yaliyotokea wikiendi ile ya mvua, mwaka juzi. Mliokuwepo mnisahihishe, ila msifanye hivyo wote kwa mpigo.

Mtakumbuka kwamba baraza la mji lilikuwa limechoka na maonyesho ya kulowa. Likaletwa pendekezo, na aliyelileta sitamtaja kwa sababu ameketi hapa mbele na ni Meya wetu, kwamba yahamishiwe ndani ya ukumbi wa michezo. Ni ukumbi mzuri ule. Una paa, una taa, una harufu ya soksi za vizazi vitatu. Kura ilikuwa ipigwe Jumatatu, na Meya, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaahidi kwamba Jumamosi atafika mwenyewe uwanjani kujionea.

Mvua ilianza Alhamisi. Haikuwa ya radi wala kelele. Ilikuwa ile yetu, inayonyesha kama mtu aliyeajiriwa. Wasanii wakampigia simu Bi. Gudveig, mmoja baada ya mwingine, kuuliza kama maonyesho bado yapo. Wote aliwajibu hivyohivyo: "Maonyesho ni ya nje. Nje bado ipo."

Jumamosi nikapita na mbwa wangu. Sikwenda kuona sanaa. Mbwa alikuwa na haja zake. Nikakuta mahema yamelala chali, na mfinyanzi mmoja anamwaga maji kutoka kwenye vyungu vyake, na kabla hajafika cha mwisho cha kwanza kimeshajaa. Katikati ya uwanja alisimama Bi. Gudveig bila koti. Koti alikuwa ameivisha picha.

Picha yenyewe ilikuwa ya Meya. Kamati ilimwomba Eilif Hovden, mchoraji wetu wa rangi za maji, amchore, iwe zawadi ya kumlainisha kabla ya kura. Na Eilif alimchora hasa. Nilikuwa nimeiona picha hiyo ikiwa kavu: kidevu kilikuwepo, mkufu wa cheo ulikuwepo, hata jino la mbele nililomwekea mimi mwenyewe. Sasa upepo ulikuwa umechukua nailoni ya kuifunika, na Meya alikuwa anateremka. Nyusi zilishafika mashavuni. Mkufu ulishakwenda zake.

"Daktari," Bi. Gudveig akaniambia, "shika mkono huu wa koti."

"Si tuipeleke kwenye gari?"

"Ukiiinamisha tu, pua inaondoka."

Nikashika. Eilif alisimama kando yetu akinong'ona, "Msiiguse, jamani. Karatasi imekuwa uji."

Ndipo Meya akatokea, na mwavuli mkubwa wa baraza, miwani imejaa ukungu. Tukaondoa koti. Tungefanya nini? Utamficha mtu uso wake mwenyewe? Akasimama mbele ya picha akaitazama muda mrefu.

"Mlima huu," akasema, "ni upi?"

Akauegemeza mwavuli begani, akaendelea.

"Maana wilaya hii nimeizunguka yote, na sijaona mlima uliochorwa kwa huzuni namna hii. Tazameni ukungu ule. Tazameni yale maporomoko mawili. Nani kachora?"

Ndugu zangu, nyinyi mngesema nini? Mimi tayari nilikuwa na jina la mlima mdomoni. Lakini Eilif hajui uongo. Huyu ni mtu aliyewahi kumwambia bibi harusi, kanisani, kwamba gauni linambana.

"Nimechora mimi," akasema. "Lakini si mlima. Ni wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa wewe mpaka asubuhi."

Bi. Gudveig aliiona kura ya Jumatatu ikiteremka pamoja na rangi. Akasema kwa upole, "Bado ni wewe, Halvdan. Ila kwa mbali."

Meya akavua miwani, akaifuta kwa tai iliyoloa, akaivaa tena, akasogea. Tulimwona akijitafuta. Mwishowe akagusa hewa mbele ya doa jeupe.

"Na hili?"

"Jino," nikasema.

"Limekaa vizuri."

"Nashukuru."

Kisha Meya akasema, taratibu, kama anayeongea na nafsi yake, "Miaka yote hii napigwa picha, na zote natabasamu. Hakuna hata moja iliyonifanya nisimame kuitazama." Halafu akashtuka. "Kidevu kinasogea?"

"Kinasogea," Eilif akamjibu.

Ndipo Mheshimiwa Meya alipoiwekea picha mwavuli, yeye akabaki mvuani. Tukamsihi aende kunywa kahawa. "Kama ni mimi," akasema, "basi nibaki hapahapa nilipofika."

Habari ikaenea. Mnajua inavyoenea hapa. Wakaja wazee wa nyumba ya kulelea, ikaja timu ya mpira ikiwa imeacha mechi, wakaja wauza samaki na aproni zao, kumwona Meya akiishikia karatasi mwavuli. Na wakiwa wamekuja, wakaangalia na vingine. Vyungu vilinunuliwa pamoja na maji yake. Mimi nilinunua picha ya kondoo, iko kliniki juu ya kiti, na wagonjwa wanasema inawasumbua kuliko sindano.

Jioni, akiwa ametota, Meya alimuuliza, "Gudveig, kwa nini unang'ang'ania nje?"

"Ukumbini watakuja wanaojua kwamba wanapenda sanaa," akamwambia. "Hao hawanihitaji. Hapa anakuja mwenye mbwa." Akanionyesha mimi kwa kidole. Kondoo alikuwa kwapani.

Jumatatu, Meya alilipinga pendekezo lake mwenyewe kwa ukali hadi katibu akamwomba apunguze sauti. Maonyesho yakabaki hapa. Picha iko ukumbi wa baraza, na wageni hawaachi kuuliza njia ya kwenda mlima ule.

Bi. Gudveig, unatuacha kwa sababu ya magoti, wala si kwa sababu ya hali ya hewa, na tunakuamini. Zawadi yako ni benchi hili la mwaloni, lililofungwa hapa uwanjani, linatazama ghuba. Kamati ilibishana sana kama tuliwekee paa, na wawili mpaka leo hawasalimiani.

Halina paa.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu, na kwa migongo yenu iliyoloa. Sasa mpisheni akae.